Kisiwa Nisikokuwa na Mtu

Jumatatu, 3 Februari
Shifti ya asubuhi kwenye makao ya wazee. Kuwaogesha, chai, vitanda. Theluji imegeuka tope mpaka kituo cha basi. Wakati wa mapumziko Gloria, mwenzangu wa kazi, kanionyesha picha za kwao, kisiwani Grenada. Nyumba za buluu, za waridi, za manjano, zimepanda mlima juu ya bandari kama kanga zilizoanikwa. Anakwenda mwezi ujao, kwa dada yake. Kasema chumba kipo, tufuatane. Nikacheka. Kisha njia nzima ya kurudi nyumbani Edmonton nikawa nazitazama zile nyumba kichwani.

Alhamisi, 6 Februari
Nataka kwenda.
Miaka yote hii Uingereza sijapata likizo yenye bahari, ukiacha siku ile ya Southend, maji rangi ya chai ya maziwa. Leo Gloria kaniletea kungumanga kutoka kwao, kazifunga kwenye leso. Nikamwambia kwetu Unguja wanawake hulewa nazo harusini. Hakuamini. Nimezitia mkobani. Mkoba wote unanukia.

Jumapili, 9 Februari
Nimemwambia Nassor. Mambo yameharibika. Aliweka kijiko chini, mchuzi ukapoa.
Kila mwaka mume wangu hunibembeleza twende Unguja. Siku hizi watu wanarudi, wenzetu wamekwenda na wamekuja salama. Kila mwaka mie hukataa. Kaka yangu Seif walimchukua nyumbani baada ya mapinduzi, hakuonekana tena. Hana hata kaburi. Siwezi kuingia nyumba ile.
Mwisho Nassor akasema, "Kwetu huwezi. Kwa watu unaweza."
Nikainuka, nikaondoa sahani.

Jumatano, 12 Februari
Hasemi na mie. Akitaka chumvi anamtuma Samira aniombe, nami nipo hapo hapo mezani. Binti yetu kachoka, katwambia kwa Kizungu tuache utoto.
Jibu la maneno yake ya Jumapili nimelipata leo nikiosha vyombo. Kule hakuna wa kuniuliza mie mtoto wa nani. Hakuna wa kunipa pole. Nataka jua. Nataka samaki wa kuchoma. Nataka kukaa ufukweni niyatazame maji bila ya kumtafuta mtu. Ubinafsi, najua. Nataka vivyo hivyo.

Jumamosi, 22 Februari
Tiketi nimekata. Nassor kasema niende, na yeye atakwenda Unguja wakati wa Idi, peke yake. Kayasema kwa upole. Bora angegomba.

Jumapili, 2 Machi
Sanduku tayari. Magauni ya pamba yananuka kabati. Nina furaha na naona haya. Daftari hili naliacha hapa.

Jumanne, 25 Machi
Nimerudi jana. Mvua.
Kisiwa ni kama kwenye picha, na zaidi. Nimekula, nimelala mchana, nimecheka na dada yake Gloria mpaka mbavu zikauma. Siku za mwanzo nilikuwa mtu mwepesi. Nilikaa ufukweni, maji yakawa maji tu.
Kisha siku moja sokoni. Mwanamke anauza karafuu, kazitandaza juani juu ya gunia. Harufu ile. Nikamwona Seif kwenye jamvi uani kwetu, anazigeuza karafuu kwa mguu, kofia yake kichwani imeenda upande. Nikalia pale pale mbele ya watu. Mwanamke hakuniuliza kitu. Alinisogezea kigoda, akaendelea kuuza.
Nimekwenda mbali kote kule, kaka yangu kanifuata.

Jumamosi, 29 Machi
Nimemsimulia Nassor yote, pamoja na kile kilio. Alisikiliza bila ya kunikata. Nikamwomba, akifika Unguja aende nyumbani kwetu, amsomee Seif hitima pale uani.
Alitikisa kichwa. "Nitakaa nawe ukimsomea, Zuhura. Lakini mwenyewe ni wewe."
Kisha akanishika mkono. Tangu Februari alikuwa hajanigusa.
Sikusema ndiyo. Sikusema la. Hofu ni ile ile. Ila leo sikukaa nayo peke yangu.

Jumatatu, 7 Aprili
Shifti ya mchana. Jua kidogo. Mzee mmoja kakataa uji, kisha kaula wote.
Kabla ya kutoka nilimwendea msimamizi kuomba likizo ya Idi. Alishangaa, juzi tu nimerudi. Akaniuliza kama kisiwa kimeniteka hivyo, nakirudia tena. Nikamwambia ndiyo, nakirudia. Hakuuliza kipi.
Ndani ya basi nilipanda ghorofa ya juu, nikakaa dirishani.
Nassor hajui bado. Nitamwambia akishakula.