Kilo Ishirini na Saba za Shemeji Hezekia

Kitandililo, Makambako
11 Julai 2024

Dada Esnath,

Shikamoo. Natumaini hali ya Ipelele ni nzuri, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua tangu ulipoanza kumlaza karibu na moto. Sisi tu wazima. Baridi imeunguza viazi vya bondeni, lakini mahindi tulishavuna. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huifungulia spika, na haya mama asiyasikie kwanza.

Najua umeshaambiwa kwamba mumeo ameiba nyama ya harusi. Nitakueleza nilichokiona.

Danford alikuwa anamwoza binti yake Jasmine tarehe 29 Juni. Kamati ya harusi ilimkabidhi shemeji Hezekia mabega kumi na mawili ya nguruwe ayapike kwa moshi kwenye lile jiko lake la kauri, lenye umbo la yai, aliloachiwa na meneja wa shamba la maparachichi. Mimi nilipewa kazi ya kupima na kuandika, kwa kuwa kuandika ndiyo kazi yangu. Jumatano asubuhi mzani ulisoma kilo sabini na mbili. Jiko linabeba mabega manne kwa mara moja, kwa hiyo ilikuwa kazi ya siku tatu.

Nilikaa pale siku zote tatu, na karibu kila kitu kilinitia shaka. Shemeji alikataza mtu yeyote kufunua mfuniko. Paskalina, mkuu wa mapishi, alipotaka kuchungulia, aliambiwa kwamba kila anayechungulia anawaongezea wageni nusu saa ya njaa. Akajibu kwamba hata mochwari ndugu huruhusiwa kumtazama marehemu. Mchana kipimajoto kilichochomekwa kwenye nyama kilipanda vizuri, kisha kikasimama palepale kwa saa nne nzima, na mkaa unawaka. Nilipouliza, shemeji alisema nyama inatoa jasho, niiache. Alhamisi, saa nane na dakika kumi, alipanda bodaboda na kiroba kilichofungwa, akarudi mikono mitupu. Niliandika saa hiyo na kuipigia mstari.

Ijumaa jioni nilipima tena. Kilo arobaini na tano.

Paskalina aliuliza mbele ya kamati kama moshi wa Kitandililo umeota meno. Danford akanigeukia, akauliza kama namba zangu ni za kweli. Nilisema ni za kweli. Hakuna aliyeniuliza kingine, nami sikusema kingine. Kesho yake nyama iliisha kabla ya meza za wakwe waliotoka Igwachanya kufikiwa, wakala wali na maharage. Danford hajaisahau aibu hiyo. Sasa shemeji akipita sokoni vijana wanamwamkia, Shikamoo Kilo Ishirini na Saba. Anaitikia Marahaba na kupita. Jumapili hii, tarehe 14, baraza la wazee wa kanisa linakaa kuamua kama aendelee kuwa mzee wa kanisa. Amekitumikia kiti hicho miaka kumi na mmoja, na wengi wameshaamua kabla ya kikao.

Wiki iliyopita alikuja kwangu. Hakulalamika. Aliomba nichunguze, halafu nitoe nitakachokikuta mbele ya baraza, hata kikiwa kibaya kwake.

Nilianza na kiroba. Kilikuwa cha majivu, na nimeyaona kwenye kabichi za Emilia, jirani yenu wa zamani. Jumatatu nikanunua bega moja la kilo sita na gramu mia moja. Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, tuliliweka kwenye jiko la shemeji, nikafunga mfuniko kwa waya, nikakaa mbele yake pamoja na Danford hadi saa kumi na mbili jioni. Kipimajoto kilisimama kwa saa nne, kama siku zile, nyama ikitoa maji na kujipoza. Hakuna aliyegusa kitu. Bega lilitoka na kilo tatu na gramu mia nane. Danford hakuuamini mzani. Alitundika pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, ikasoma kilo moja. Akapiga hesabu kwenye simu mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe moto ndio uliokula nyama yake.

Kwa hiyo mumeo hakuiba. Ningeweza kuishia hapo, na kila mtu angenishukuru.

Lakini daftari langu la Jumatano ile, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, kabla bega la kwanza halijaingia jikoni, lina maneno yake kwa mwandiko wangu. Alisema nyama ikitoka itakuwa imepungua zaidi ya theluthi, niiambie kamati mapema waongeze mabega matano au sita. Sikuiambia. Tangu ulipokwenda kumuuguza mama naye asikusindikize hata stendi, nilishamwona ni mtu wa kufichaficha. Nilidhani anajiwekea kisingizio, nikasubiri nimkamate. Ijumaa Danford aliponiuliza, ukurasa huo ulikuwa mkononi mwangu.

Jana shemeji alinishukuru. Alisema ni wewe uliyemshauri anitafute, kwa kuwa siandiki nisichokiona. Nilipokea shukrani hiyo, nikanywa na chai yake. Jioni hii nakwenda kwake kumsomea ukurasa huo, na Jumapili nitausoma mbele ya baraza na Danford akiwepo. Nakala nimeiweka humu ndani ya bahasha, ili hata nikisita huko njiani, wewe uwe nayo.

Mfikishie mama salamu zangu, na umwambie blanketi lake linakuja na basi la Jumatatu. Wasalimie wote wa hapo nyumbani. Ukichagua kutonijibu, nitaelewa.

Mdogo wako,
Sila