Mstari Nilioruka Mbele ya Musembi

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba kwa jina la mama yako, yaliyomo yaishie machoni pako. Usimsomee mtu, wala usiyataje hata kwa mzaha. Nina kazi moja tu, na ninayemwandika hapa ndiye aliyenipa.

Alhamisi, Mtito Andei. Mvua bado. Vumbi la malori limeingia hadi ndani ya taipureta, na mwili wangu ni mzito kana kwamba nimebeba magunia, ilhali nimeketi tu tangu asubuhi.

Mimi ni karani katika duka la kaseti la Bwana Ndeti. Madereva wanaoshuka Mombasa wanataka nyimbo za njiani, nasi tunanakili kaseti moja tukapata nyingi. Mimi naandika majina ya nyimbo kwenye majalada, kwa mkono. Mwandiko wangu ni mzuri, walimu waliusifu. Sasa umeenea hadi kwetu Ikutha, juu ya kaseti ambazo waimbaji wake hawakuulizwa.

Nimefanya hivyo miaka miwili bila kuona kosa. Au niliona, nikatazama pembeni.

Jumanne alikuja Musembi, mpiga gitaa wa Matiliku. Alikuwa ameusikia wimbo wake ukilia ndani ya lori pale kwenye kituo cha petroli, akauliza kaseti imetoka wapi, akaelekezwa kwetu. Nilidhani amekuja kugombana. Kumbe amefurahi. Alisema jina lake siku hizi linasafiri hadi pwani bila kulipa nauli.

Bwana Ndeti alimwagizia chai, kisha akaniambia nilete karatasi niliyoipiga taipu wiki iliyopita, kwani alijua mwenye wimbo angekuja siku moja. Iko kwa Kiingereza. Mstari wa tatu unasema kwamba Musembi anampa Bwana Ndeti haki zote za wimbo huo, milele, na kwamba hatauimba kwenye kaseti nyingine bila ruhusa yake.

Musembi hajui Kiingereza. Alinisogezea karatasi kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kuichafua.

“Mwanangu, wewe umesoma. Nisomee kwa lugha yetu.”

“Usimchoshe mzee wa watu,” Bwana Ndeti akaniambia. “Msomee nyama. Mifupa tuachie sisi.”

“Mbuzi ni wangu,” Musembi akasema, “halafu mifupa nisiione?”

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka. Kisha nikasoma kwa Kikamba, mstari wa kwanza, wa pili, wa nne. Sikukohoa, sikusita. Nilimwambia ni karatasi ya kukubali kwamba kaseti zitengenezwe hapa.

Nimeandika sasa. Niliruka mstari wa tatu.

Alipaka kidole gumba wino. Kikabaki hewani. Halafu akakifuta kwenye suruali, akasema hawezi kuweka alama kabla hajawaambia akina mama wa mwethya, lile kundi la nyumbani kwao ambalo hulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Aliwapigia gitaa walipokuwa wakichimba matuta, nao ndio waliomrushia kiitikio. Akasema wimbo una wenyewe wengi. Watakutana Jumamosi, naye atarudi Jumatatu. Bwana Ndeti alimcheka, akauliza wanawake wa jembe wanajua nini juu ya karatasi, lakini akakubali. Aliona siku chache si kitu.

Jana wakati wa chakula sikula. Nilikuwa nimeazima kijitabu cha sheria kwa karani mwenzangu wa mahakamani, nikakisoma nyuma ya duka nimeegemea ukuta. Nilisoma mara tatu, kwa kuwa nilitamani nikute maneno ya kunitetea. Sikuyakuta. Wimbo ukishaandikwa au kurekodiwa, ni mali ya aliyeutunga. Hahitaji muhuri wala kwenda ofisi yoyote kuuomba. Anayeunakili na kuuza bila idhini yake anamkosea. Ila mwenyewe anaweza kuutoa, kwa maandishi na alama yake.

Kwa hiyo Musembi alikuwa salama bila kujua. Kitu pekee kinachoweza kumnyang'anya wimbo ni kidole chake mwenyewe, na kidole hicho kinasubiri mdomo wangu.

Naogopa. Mama yangu huwaambia watu kanisani kwamba mwanawe anafanya kazi ya kuketi. Bwana Ndeti anamfahamu kila mwenye duka hapa, na akinifukuza kwa kumsaliti hakuna atakayenipa hata ufagio. Nimechoka kuogopa, lakini uchovu haujaimaliza hofu.

Leo asubuhi nilitafsiri karatasi yote kwa Kikamba. Nilitaka kuipiga taipu ili nisijulikane, lakini taipureta ni moja, na herufi yake ya “e” hupanda juu ya mstari. Bwana Ndeti angeitambua hata akiwa na homa. Nikajaribu mkono wa kushoto. Yalitoka makwaruzo ya kuku, hakuna ambaye angeyasoma. Nikachukua karatasi safi, nikaandika kwa mwandiko wangu, ule ule wa kwenye majalada. Mstari wa tatu niliuandika kwa herufi kubwa.

Nimempa Syombua, fundi wa cherehani anayeshonea barazani kwetu. Kwao ni Matiliku, na kesho anakwenda. Ataipeleka kwa yule mama wa mwethya anayewasomea wenzake Biblia, aisome Jumamosi mbele ya Musembi na wote waliomrushia kiitikio.

Syombua aliitazama, akanitazama.

“Karani, mwandiko huu hata ng'ombe wa Ikutha wanaujua.”

Nilimwambia najua. Akaifunga kwenye pindo la leso yake, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kuanzia Jumatatu usinitafute dukani, wala usitaje jina langu kwa Bwana Ndeti. Njoo kwenye cherehani ya Syombua, umwambie umekuja kuchukua suruali ya karani. Akikuuliza rangi gani, sema kijivu. Atakuonyesha nilipo. Na ukimwona Musembi, mwambie akipewa karatasi nyingine aje nayo. Nitamsomea yote, hadi mifupa.