Pointi za Harshad za Kwenda Mara

Rupal, nimetoka kwa Falguni sasa hivi, mbavu bado zinaniuma kwa kucheka.

Unamjua mumewe na pointi zake za kadi ya benki. Watu wakinunua dhahabu ya harusi, Harshad hulipa kwa kadi yake, wao wanamrudishia taslimu. Yote hayo pointi zijae, azibadilishe kwa tiketi mbili za ndege za Nairobi, akaone simba Mara kwa bei ya bure.

Leo zimetosha. Akapiga simu tukiwa mezani, spika wazi.

Binti wa shirika la ndege akauliza majina ya abiria. Harshad akajibu, “Langu na la mama yangu.”

Rupal, la mama yake! Chapati ya Falguni ikakwama njiani, haiendi mdomoni wala hairudi sahanini.

Mama mkwe wa Falguni, tuliyekuwa naye mezani, akamwangalia mwanawe. “Mkeo umemburuta maduka yote ya dhahabu ya hapa Vadodara, leo kwenye simba umemsahau?”

“Mama, tiketi ni mbili tu.”

“Basi zinatosha.” Akaivuta simu, akamwambia yule binti. “Mwanangu, andika mimi, Sharda, na Falguni. Huyu atabaki kumwagilia maua.”

Na namba ya pasipoti ya Falguni aliitaja Harshad mwenyewe, kwa sauti ya mgonjwa.