Chini ya Nambari 0114

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Nimepigwa kofi leo. Mimi, mwenye shahada ya historia na alama za juu kabisa, nimepigwa kofi na muuza mapaja ya nguruwe! Na kisa chenyewe ni tarakimu.

Niandike kwa mpangilio. Ivano Montorsi amenikodi nichunguze gari lake – Scardovi la mashindano la mwaka 1957, fremu nambari 0114 – kisha nithibitishe kwa sahihi yangu kwamba ni halisi tangu injini hadi skrubu. Mnunuzi anawasili kutoka Zurich Ijumaa ya wiki ijayo. Bila hati yangu hanunui. Nami leo nikamweleza ukweli: nambari iliyogongwa kwenye bomba la fremu hainiridhishi. Chuma mahali pale ni chembamba, kana kwamba kilipigwa tupa kabla ya kugongwa. Nikaongeza – ulimi wangu hauna breki – kwamba nguruwe wake wana vyeti safi kuliko gari lake.

Kofi likatua. Pete yake imenichana shavu.

“Msomi,” akasema huku akifuta kiganja kwa leso, “nimekukodi uandike, sikukukodi ubweke.”

Nilimrukia. Guerrino Bulgarelli, fundi wa bodi, akanidaka kiunoni. “Tulia, jogoo! Huyo hata kanisani huenda na kisu cha kuchinjia.”

Sitasaini nisichokijua. Anipige na shavu la pili akitaka.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kiwanda cha Scardovi kilifungwa miaka ishirini na miwili iliyopita, lakini mkono uliogonga nambari zake ungali hai, na mchana huwa baa karibu na soko, umeshika karata. Mzee Amos Reggiani. Vidole vitatu – viwili vilibaki kwenye mashine.

Alikuwa anashinda, kwa hiyo alisema. Zamani gari la mashindano lilivuka mpaka kwa hati ya forodha yenye nambari ya fremu. Hati huchukua wiki nyingi kupatikana, mashindano hayangoji. Basi hati ikiwa tayari na gari lake halijakamilika, walichukua gari jingine lililopo, wakafuta nambari yake kwa tupa, wakagonga ile iliyoandikwa kwenye hati. Afisa wa forodha akainama, akasoma, akapiga muhuri. Kwaheri.

“Huo ni ughushi, Mzee!”

“Ughushi wa nani? Nyundo ya kiwanda, muhuri wa kiwanda, mkono wa kiwanda. Mtoto, mimi ndiye nilikuwa kiwanda!”

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema wasomi wa chuo kikuu cha Bologna hufundishwa kila kitu isipokuwa kunyamaza. Nikauliza: na 0114 yenyewe?

“Haikumalizwa kamwe. Hati ilitangulia.”

Basi lile alilo nalo Montorsi ni lipi? Chini ya 0114 kuna nini?

Uso wake ukabadilika. Akaipindua meza – karata, sarafu, chupa ya divai ya lambrusco, vyote – na glasi ikapasuka ukutani shubiri moja kutoka sikioni mwangu. “Pale usipaguse! Umesikia? Usipaguse!”

Nilitoka na divai shingoni. Lakini nilitoka na furaha. Mtu hatupi glasi kwa ajili ya jambo dogo.

Jumamosi, 8 Oktoba

Chakula cha mchana kwa Guerrino. Mama yake, Norma, ametupikia tambi za tortellini katika mchuzi wa kuku, akanilazimisha sahani ya tatu. “Kula, mwanangu. Shavu likijaa, kovu halionekani.”

Juu ya kabati kuna picha ya marehemu mumewe, Wainer, dereva wa Scardovi, aliyekufa Agosti 1957 katika mbio za kupanda mlima, kona ya tatu juu ya kijiji cha Serramazzoni. Kando ya picha kuna pande la alumini lisilo na umbo, kubwa kama kichwa cha mtoto. Ndilo gari, alinieleza. 0109. Alikuwa amekiomba kiwanda jambo moja tu: mtu mwingine asikalie kiti kile. Wakamletea pande hili, wakamwapia kwamba limeyeyushwa lote hadi skrubu ya mwisho. Kila Jumamosi hulipangusa. Alilipangusa mbele yetu, kwa aproni yake, kama anayemfuta mtoto mdomo.

Guerrino alikuwa na miaka minne wakati huo. Sasa ana miaka miwili akinyoosha bati za gari la Montorsi, kipande kwa kipande, na hakuna fundi bora Modena nzima.

Nikamsimulia ya Mzee Amos. Akasema: kwa nini tubishane? Tupake asidi penye nambari, ya zamani itajitokeza. Tupa hufuta tarakimu juu tu. Lile pigo hubaki ndani. “Chuma hakisahau kipigo, msomi.” Jumatatu, basi, Montorsi akiwa mnadani.

Jumatatu, 10 Oktoba

Naandika pua ikiwa imezibwa kwa pamba.

Asidi aliipaka Guerrino mwenyewe, kwa manyoya ya kuku, polepole, huku akipiga mluzi. Tukangoja. Zikaanza kupanda kati ya zile tarakimu mpya, kijivu, kama kitu kinachoelea kutoka kwenye maji machafu. Sifuri. Moja. Sifuri. Nilikuwa nimeshika kalamu. Kisha tisa.

Niliandika! Mungu anisamehe – niliandika kwanza 0109, nikapigia mstari, ndipo nikainua macho.

Mluzi ulikuwa umekoma. Alicheka kidogo, akatazama kiti. Miaka miwili amekikalia kiti kile akijaribu usukani. Akachukua nyundo ya kilo tatu.

Kioo cha mbele kwanza. Kisha boneti, mara nne, tano – bati aliyoinyoosha kwa mikono yake. Nami nikamrukia. Niseme kweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kumdanganya: sikumrukia kwa ajili yake, nilimrukia kwa ajili ya lile bomba. Ushahidi! Akanivunja pua kwa kiwiko. Nikamng'ata mkono hadi nikaonja damu. Nikaokota spana, nikampiga juu ya jicho, akaanguka magotini.

“Unalilinda,” akasema, damu ikimwingia jichoni. “Limemla baba yangu, nawe unalilinda.”

“Ndilo shahidi pekee wa kifo chake.”

Akanitemea mate. Alikuwa na haki. Lakini nami nilikuwa na haki.

Jumanne, 11 Oktoba

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevunjika. Naandika kidogo.

Nilidhani Montorsi angewaka akiona gari lilivyopondwa. Hakuwaka. Guerrino alimwambia: nitazinyoosha bati upya, lakini lile bomba nalikata, nalitupa mto Panaro, na mama yangu asijue kamwe kwamba walimdanganya. Montorsi akamkumbatia! Kata, ndugu yangu, kata. Tutachomelea bomba jipya, tugonge 0114 safi, yenye kung'aa. Mmoja ana uchungu, mwingine ana tamaa, na wote wawili wanataka kipande kile kile cha chuma kipotee.

Nikasema sitasaini. Nikasema gari la kweli lenye historia ya kweli lina thamani kuliko uongo uliopakwa rangi – nilikuwa na hoja tatu. Nilifika ya pili. Mchinjaji wake akanibana mkono kwenye jiriwa la meza ya fundi na kuzungusha mpini.

“Wa kushoto, wa kushoto,” Montorsi akamkumbusha. “Wa kulia una kazi Ijumaa.”

Guerrino alikuwapo. Alitazama ukutani.

Ijumaa, 14 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Nimo ndani ya karakana, pamoja na gari, na mlango wa chuma nimeukomea kwa ndani. Leo walipanga kukata bomba kabla mnunuzi hajafika saa sita. Nimeketi sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, daftari gotini, nyundo ya kilo tatu kando yangu. Atakayeingia kwanza nitamvunja goti. Naliandika hili kwa utulivu wote.

Montorsi amepiga mlango teke hadi amechoka. Amenitukania ukoo mzima, akaahidi kunitundika kwenye kulabu kati ya mapaja yake ya nguruwe, nikakauke miezi kumi na nane. Nimemjibu kwamba chumvi yake haitoshi kuikausha akili yangu.

Saa tatu na nusu. Guerrino amewasha gesi ya kukatia chuma. Doa jekundu limetokea kwenye bawaba ya juu. “Fungua, msomi,” anasema. “Sitaki kukuua.” Bila hasira. Hilo ndilo la kutisha. Cheche zinaanguka hadi karibu na viatu vyangu. Tundu limetoboka, kubwa kama sarafu.

Sauti ya mwanamke! Mama Norma – amemletea mwanawe mkate na jibini.

“Mnapigania nini, nyie wanaume wazima?”

“Hesabu tu, Mama. Tarakimu. Nenda nyumbani.”

“Uso wako umeshonwa na unaniambia tarakimu?”

Gesi imezimwa. Nasikia kandambili zake zikija mlangoni. Anagonga, mara moja, kama anayebisha hodi kwa jirani.

“Mwanangu wa ndani. Guerrino huniambia wewe hujui kusema uongo, ndiyo maana kila mtu anakupiga. Hilo gari ni lipi?”

Nyuma ya tundu naona jicho la Guerrino, lile nililolipasua, limevimba, linanitazama. Anatikisa kichwa. Anatikisa tena. Kinywani mwangu zimo hoja zote nilizowahi kusoma – kwamba ukweli ni haki ya mwenye msiba, kwamba yeye ndiye aliyedanganywa na yeye ndiye wa kuambiwa – na hakuna hata moja inayotaka kutoka.

“Bado upo, mwanangu?”

Nipo, Mama, nimemjibu. Nipo. Sasa ananingoja, na mimi, nisiyejua kusema uongo, naweka kalamu chini.