Maji Yasiyoachwa Yatulie

Dada yangu mpendwa,

Natumaini hujambo. Mimi bado nipo kwenye chumba cha kompyuta cha mjomba. Mashine zake hupozwa kwa maji yaliyotiwa chembe za madini, ndogo kuliko vumbi, ili yabebe joto zaidi. Yakitulia, chembe huzama na kuziba mirija, kwa hiyo kutwa naangalia pampu.

Mjomba huwaambia wateja, "Bila huyu mwanangu, tungekaanga mayai juu ya mashine hizi!" Wanacheka. Wakiondoka, naye hutoka na kunifungia kwa nje, eti anaogopa wezi.

Nilimwomba ruhusa ya kwenda chuo. Akasema, "Na maji nimwachie nani?"

Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Njoo umwambie wewe, dada. Mimi nikimwona tu, huinamia pampu zangu. Ukikuta kufuli mlangoni, gonga hivyo hivyo. Nipo ndani.

Mdogo wako akupendaye