Swali la Mama Alimasi Halikufika

Baba,

Leo ni sikukuu ya jina lako, ya kwanza tangu tukuzike. Mama alipika samaki wa mikebuka na ugali wa muhogo, akakutengea sahani kama vile umechelewa tu kurudi kutoka mjini Baraka. Tulikula huku macho yetu yakiikwepa. Mwishoni Mama aliichukua mwenyewe, akampelekea yule mzee kipofu anayekaa nyuma ya kanisa. Akasema, "Mufalme wa baba yenu angefanya vile."

Unaona, Baba, hatujamsahau mfalme wako. Oswaldi wa Waingereza wa zamani, uliyepewa jina lake siku ya ubatizo, aliketi kula Pasaka akasikia kwamba maskini wamejaa njiani. Akatoa chakula chake chote, kisha akaamuru sahani yenyewe ya fedha ivunjwe wagawiwe vipande. Askofu aliyeketi naye akaushika mkono wake, akauombea usioze kamwe. Na mfalme alipouawa vitani, mkono huo, wanasema, haukuoza. Kila ulipotusimulia na kufika hapo ulikuwa unainua mkono wako wenye makovu ya nyavu, unatuuliza kama na huo utadumu. Tulicheka sana. Sasa sicheki.

Nina habari moja ya mfalme huyo ambayo hukuijua, na nina aibu. Acha nianze na habari, maana aibu itanimalizia karatasi.

Muhula uliopita, Sista wetu wa darasa alitusomea maisha ya mfalme huyo. Alisema kwamba Oswaldi alipokuwa mtoto, baba yake aliuawa, naye akakimbilia ng'ambo ya bahari, akalelewa karibu na watawa wa kisiwani na kujifunza lugha yao. Alipokuwa mfalme aliwaomba watawa hao wamtumie mwalimu wa dini. Yule askofu niliyemtaja ndiye aliyekuja, lakini hakujua vizuri lugha ya Waingereza. Basi unajua nani alisimama kando yake na kuwaeleza wakubwa wa nchi maneno yake? Mfalme mwenyewe, Baba! Mfalme alikuwa mkalimani.

Nilisimama bila ruhusa, nikasema, "Sista, hiyo ni kazi ya baba yangu!" Wasichana wakacheka. Nikaanza kupanga jinsi nitakavyokimbia kutoka barabarani mpaka uani nikikuita, na katikati ya kupanga nikakumbuka. Nikaketi.

Watu wa Lweba walikuita Kinywa cha Padri, kwa utani. Sasa wanakulilia. Mahali pako kanisani amepachukua mwalimu kijana wa shule, mtu mzuri, lakini ana haraka. Padri anahubiri kwa Kiswahili mpaka jua linageuka, na huyo kijana anasema kwa Kibembe maneno machache na kukunja mikono. Jumapili moja mama mmoja wa nyuma alisema kwa sauti, "Eh, mwalimu! Padri alijaza chungu, we unatupatia kijiko?" Hata watumishi wa altare walicheka.

Wewe ulikuwa unaleta chungu kizima. Nakumbuka Padri alipowakaripia watu kwa ajili ya pombe, nawe ukakaripia vilevile, mpaka kidole ukakitikisa kama yeye. Mzee mmoja akainuka akakuambia umwambie mzungu wako kwamba yeye mwenyewe anakunywa divai kila asubuhi, tena mbele ya watoto. Mimi niliomba ardhi inimeze. Wewe ukamgeukia Padri, ukamwambia yote, na "mzungu wako" pia. Padri akawa mwekundu, halafu akacheka mpaka akavua miwani.

Nyumbani Mama alikuuliza kwa nini hukulainisha kidogo. Ulinitazama mimi. Siku ile ulikuwa umenituma kwa shangazi na bakuli la samaki ndagala wa kukaanga, nami nikafika na nusu bakuli. Ukasema, "Muulize Felisita. Yeye anajua kula vya watu mu njia."

Baba, nimekula njiani tena.

Jumamosi iliyopita Padri alikuja kuwafundisha akina mama wazee wanaojiandaa kwa ubatizo wa sikukuu ya Bikira Maria. Wanakaa kwenye mikeka, ubavuni mwa kanisa. Yule mwalimu alikuwa amekwenda Fizi, na mimi niko likizo. Padri akasema, "Binti wa Oswaldi yuko, atatusaidia." Nilivaa gauni langu la shule. Nilisimama pale ulipokuwa unasimama, upande wake wa kushoto, na kwa saa nzima kila kitu kilikwenda vizuri. Padri akanisifu mbele ya wote, kwamba Kiswahili changu ni safi na kichwa changu ni chepesi. Nilifurahi mno. Nakuambia ukweli, nilijiona kama mfalme.

Ndipo Mama Alimasi akanyoosha mkono. Unamjua, yule mjane mwembamba anayeuza chumvi, ambaye Kiswahili chake ni kile cha sokoni tu. Aliuliza kwa Kibembe, polepole, kama mtu aliyelibeba neno hilo siku nyingi. Alisema mume wake alikufa kule Ubwari kabla dini haijamfikia, na alikuwa mtu mwema. Akisha kubatizwa, je, siku ya kufa atapelekwa mahali ambapo mume wake hayupo? Kama ni hivyo, Padri amwambie sasa, kabla ya maji, ili achague.

Padri akaniuliza anasema nini.

Niliogopa. Niliona Padri atakasirika, atamwondoa katika orodha ya wabatizwa, atafikiri sisi bado tu watu wa giza, na mimi niliyetoka kusifiwa nitakuwa nimemletea swali la kipagani. Nikasema, "Anashukuru kwa mafundisho, Padri."

Padri akatabasamu, akamwekea mkono begani. Akasema, "Vizuri sana, mama. Usiogope kitu."

Na hayo, Baba, hayo niliyafikisha yote bila kupunguza.

Mama Alimasi alilia pale kwenye mkeka. Alidhani amejibiwa.

Tangu siku ile anaimba. Jumatano nilikwenda kwake nimeazimia kumwambia. Nilimkuta ameanika kitambaa cheupe atakachovaa, anawaeleza majirani kwamba Padri mwenyewe amesema asiogope, atamkuta mume wake. Aliponiona aliniita, akanipa muwa. Akasema kwa Kiswahili chake, ili nione kwamba anajitahidi, "Baba yako hakunileteaka neno ya sukari hata siku moja. Alileta ile ilikuwa. Na we uko sawa yeye." Nilichukua ule muwa, Baba. Niliutafuna njia nzima na sikuwa nimesema kitu.

Tangu hapo sili vizuri. Nimefikiri sana juu ya mfalme wako. Wakuu wake walikuwa watu wa vita na wakaidi, na askofu yule bila shaka aliwaambia mambo ya kuwauma. Mfalme angeweza kulainisha, nani angejua? Wameuhifadhi mkono wake kwa sababu ulitoa sahani. Mimi ningehifadhi kinywa chake. Sahani ilikuwa mali yake, aliweza kuitoa apendavyo. Maneno hayakuwa yake.

Na lile swali halikuwa langu. Wala sijui kama ni la kipagani. Nikiwa nimelala nalirudia, na naona ni swali la mtu anayempenda mumewe. Pengine Padri ana jibu ambalo mimi sikumpa nafasi ya kulitoa. Alipovua miwani siku ile ya divai, sisi wote tulikuwa tumemdhania vibaya. Natumaini hivyo. Lakini kama jibu lake ni chungu, nitalipeleka vilevile, huku namtazama Mama Alimasi usoni, kwa sababu alisema anataka kuchagua.

Kesho ni Jumamosi. Padri atakuja. Kabla hajafungua kitabu, nitasema mbele ya mikeka yote, kwa Kibembe kwanza, kwamba swali la Mama Alimasi halikufika, na kwamba aliyelizuia ni mimi. Halafu nitamgeukia Padri na kumwambia hivyohivyo kwa Kiswahili, kisha nitampa swali lenyewe, na "kabla ya maji" pia. Wakinicheka au wakinifukuza, nitakuwa nimestahili.

Kabla ya vita mfalme wako alisimamisha msalaba wa mti. Ulituambia aliushika mwenyewe kwa mikono miwili, mpaka askari walipomaliza kujaza udongo kwenye shimo. Nishike hivyo kesho, Baba, nisije nikaanguka kabla sijamaliza kusema.

Lala salama. Sitaonja tena njiani.

Binti yako,
Felisita