Turubai la Chumba cha Droo

Igogo, Mwanza
Jumatano, 20 Novemba 2024

Kwa dada yangu Aluoch,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute ukiwa na afya, wewe na shemeji na huyo Princess wetu, ambaye nasikia ameanza kusimama kwa kushika meza na kuangusha kila kilicho juu yake. Sisi huku hatujambo. Mama anaenda na ndizi zake Buhongwa kila alfajiri, na kile kikohozi kimeisha. Baba naye mzima, ila mgongo unamuuma mvua ikinyesha, na huku imenyesha siku kumi mfululizo, kwa hiyo unaweza kukisia mwenyewe.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua, dada. Kwenye simu naishia kusema eeh, eeh, sawa, halafu nikishakata ndiyo maneno yanakuja. Wilhelmina wa kwaya anavuka kesho kuja Sengerema, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali usimsomee shemeji kwa sauti mpaka uimalize kwanza.

Habari kubwa ya huku ni nyumba yenye matairi. Jumatatu ya wiki iliyopita nilitoka shule nikamkuta mzee mmoja wa Kihindi kwenye kibanda cha baba, amevaa kaptula na soksi ndefu. Baba alimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamuuliza baba kama ni Mjaluo wa Shirati au wa Utegi, maana anavyoshika kikombe ni kama wa Utegi. Baba alicheka mpaka akamwaga chai. Huyo ndiye Mzee Pradip. Alizaliwa hapa hapa Mwanza, akaondoka kijana, na sasa amerudi na mkewe, Mama Pooja, kuzunguka ziwa lote kwa gari walilonunua Nairobi. Kiswahili chake ni cha zamani. Gari analiita motokaa, na watoto wa jirani humfuata nyuma ili tu wamsikie akilitamka hilo neno.

Gari lenyewe walikuwa wameliegesha kwenye uwanja wa godauni la binamu yake, pale karibu na maji. Dada, ndani kuna jiko, kitanda, choo na sinki. Ukibonyeza kitufe, ukuta mmoja unasogea nje pamoja na kitanda chake, kama droo ya kabati, na chumba kinakuwa kipana. Ukibonyeza tena, droo inarudi ndani, gari linakuwa tayari kwa safari. Sasa juu ya hiyo droo kuna kiturubai chembamba kinachotoka nayo, ili majani na maji visikae juu ya paa lake na kuingia ndani inapofungwa.

Tatizo lilikuwa hicho kiturubai. Kilikuwa kimelegea katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba ugali. Mvua ikinyesha kinajaa maji, na maji yakijaa, makorongo yanatua. Unawajua makorongo wetu wenye vipara, hawahitaji kukaribishwa. Walisimama pale juu wakinywa na kuchafua, na kucha zao zilikuwa zimeshaanza kutoboa. Jumapili iliyotangulia Mzee Pradip alifunga droo bila kukumbuka kumwaga yale maji, yote yakaingia kitandani upande wa Mama Pooja. Mama Pooja alisema ameolewa miaka arobaini na sita na hajawahi kumwagiwa maji na mume wake, na kwamba mume asiporekebisha kabla ya Jumamosi, yeye atakwenda kulala kwa binamu. Jumamosi ilikuwa na maana, kwa sababu walikuwa wamewaalika watu waliosoma nao zamani waje wanywe chai, na Jumapili waondoke kwenda upande wa Bukoba.

Baba aliichukua kazi ile kwa mikono miwili. Unajua jinsi malori ya kushonewa maturubai yalivyopungua kwetu tangu yale maturubai ya dukani yaanze kuja. Baba alisema akilimudu hili la Mzee Pradip, mjini watajua kwamba Oyoo wa Igogo bado yupo. Chenge, yule fundi wa viti vya magari wa kibanda cha jirani, alisema kwa sauti ya kutosha kwamba afadhali aitwe daktari wa wanyama kuliko mshona maturubai ya pamba. Baba alinoa mkasi.

Jumanne mchana tulikwenda wote uwanjani, na Chenge naye akaja bila kuitwa. Baba alilitazama turubai, akasema dawa yake ni ile ile ya lori: kulivuta mpaka liwambike kama ngoma, kulitoboa matundu ya ringi pembeni na kulifunga kwa kamba. Upande wa nje turubai lilikuwa limeviringishwa kwenye bomba, na baba akalifunga hilo bomba nalo, lisicheze. Mzee Pradip alileta kitabu cha gari, kinene, cha Kiingereza, akasema miwani yake imebaki kwa binamu. Baba akanipa mimi nikisome. Nilikisoma. Baba akauliza kama kinakataza kufunga kamba, nikajibu hakikatazi. Kazi ikaendelea.

Kazi ilipokwisha turubai lilikuwa zuri, dada, limenyooka kabisa. Mzee Pradip akabonyeza kitufe kulijaribu. Droo ilianza kurudi ndani, bomba halikuzunguka, turubai likajikunja, likaingia kwenye upenyo kati ya droo na ukuta, na tukasikia likichanika kutoka mwisho hadi mwisho. Droo ikakwama katikati. Mama Pooja alikuwa ndani, amebanwa kati ya kitanda na jiko, sufuria ya maziwa mkononi, na alitutangazia kila kinachotokea huko ndani kama mtangazaji wa mpira. Ilichukua saa nzima kukata kamba na kumtoa.

Hakuna aliyemlaumu baba. Mzee Pradip alimshika bega, akasema vitu vya Wazungu vina wazimu wake. Lakini njiani kurudi Chenge aliuliza kama baba ana turubai jingine la kuchana, au hilo moja linatosha kwa wiki. Jumatano baba hakufungua kibanda. Alikaa nyumbani, cherehani ameifunika na shuka, akamwambia mama kwamba fundi akianza kuharibu mali ya watu ni dalili, na kwamba labda amwuzie Chenge ile cherehani kubwa, atafute kazi ya ulinzi mahali. Mimi nilikwenda shule, sikusikia hata somo moja.

Ijumaa jioni turubai jipya lilikuwa juu. Baba alishona kitambaa kipya mara mbili, akakirudisha kwenye bomba lake, na safari hii akaliacha bomba lizunguke. Ndani yake kuna springi inayovuta kitambaa yenyewe droo inaporudi. Kuhusu kule kulegea katikati, hapo baba alinishangaza. Alikwenda mwaloni kwa wavuvi akaomba maboya ya nyavu, akayashonea kwenye mfuko mrefu mwembamba kama soseji, akauweka chini ya turubai, katikati. Gari likisimama unauingiza, turubai linainuka kama paa la nyumba, maji yanateremka pande mbili. Ukitaka kuondoka unauchomoa kwanza. Mzee Pradip alibonyeza kitufe mara tisa, ndani, nje, ndani, nje, mpaka Mama Pooja akamwambia gari si kinanda.

Jumamosi mvua ilinyesha hasa. Wazee kumi na wawili walikuwa ndani ya gari lile, nasi tumo, mama kavaa kitenge kipya, na kulikuwa na chai ya maziwa yenye tangawizi na vitafunwa vya unga wa dengu ambavyo nilikula mpaka nikaona haya. Maji yalikuwa yakiporomoka nje ya dirisha, na kitandani halikuingia hata tone. Katikati ya chai korongo mmoja akaja kutua kama kawaida yake. Akateleza. Tulimwona akipita dirishani kinyumenyume, mabawa nusu wazi, na sura ya mtu aliyenyimwa kiti kanisani. Wale wazee walicheka mpaka mmoja akatoa meno yake ya bandia akayafuta. Na Chenge alikuwepo, alikuja kumwomba baba amwonyeshe ule mfuko wa maboya.

Sasa dada, kama unasoma kwa makini umeona nimeruka. Nimetoka Jumatano nikatua Ijumaa. Nimeandika yote hayo ya juu nikizunguka tu, na sasa karatasi inakaribia kuisha.

Kitabu kilikataza. Kilikataza kabisa, kwa herufi nene, na picha ya kamba iliyopigwa mstari mwekundu. Kilisema kwamba bomba lazima liachwe lizunguke, na kwamba likifungwa turubai litaingia kwenye upenyo na kuchanika. Nilielewa kila neno, na ni Kiingereza cha darasa la sita tu. Lakini baba alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba turubai ni turubai, Chenge amesimama pale anangoja kucheka, na mgeni anatazama. Nikaona nitamwaibisha baba mbele za watu. Ungekuwa wewe ungesema, maana siku zote wewe ndiye uliyekuwa unazungumza na wateja. Mimi nikajibu hakikatazi.

Alhamisi nilitoka shule nikamkuta Mzee Pradip nyumbani kwetu. Alikuwa amekuja kumfariji baba. Walikuwa wamekubaliana kwamba kosa ni la kitabu, kwa sababu fundi aliuliza na kitabu kikaruhusu. Mzee Pradip alitaka kuwaandikia waliotengeneza gari, awaambie kitabu chao kimemharibia kazi fundi mwenye jina. Na kwa kuwa Kiingereza changu ni kizuri, akaniomba niandike mimi. Akanipa kalamu yake, nzito, ya rangi ya fedha. Akaanza kunitajia maneno.

Niliandika "Dear Sir". Zaidi ya hapo mkono ulikataa. Baba alikuwa amekaa pembeni kichwa chini, na niliona kabisa kwamba kama barua ile ingeandikwa, ningeishi nayo mpaka uzee wangu. Nikasema, nadhani nilisema kwa sauti ndogo sana maana Mzee Pradip aliniambia nirudie, kwamba kitabu hakijakosea. Nikarudia. Nikasema mimi ndiye niliyedanganya, na kwa nini.

Nilitegemea kipigo, au ule ukimya wa baba ambao ni mbaya kuliko kipigo. Baba aliinua kichwa akaniuliza kwa hiyo yeye aliuliza swali sahihi. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, na jibu lilikuwepo kitabuni. Nikasema ndiyo baba, ukurasa wa arobaini na moja. Akamgeukia mama, akamwambia amesikia, aliuliza swali sahihi. Alilisema hilo kama mara tatu. Halafu akasimama, akaitoa ile shuka juu ya cherehani, na akaniambia nilete kitabu nisome ukurasa wote, kwa sauti, nisiruke hata koma. Nilisoma nimesimama, nikitafsiri, Mzee Pradip akiitikia kama yuko kanisani. Adhabu nilipewa pia, usidhani nimepona: nafagia kibanda mwezi mzima, na nilikwenda mwenyewe kumwomba Mama Pooja msamaha. Alisema kwa kuwa maziwa hayakumwagika, amenisamehe.

Juzi Jumatatu alikuja mtu na boti, anataka turubai la kivuli. Baba alikuwa ameshika mkasi juu ya kitambaa, nami nikaona kama upande mmoja umepungua. Nikasema baba, subiri. Nilisema mbele ya yule mteja. Baba akauweka mkasi chini, akachukua futi, akapima upya taratibu pande zote. Mteja akacheka, akauliza hapa fundi ni nani. Baba akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye futi, kwamba mafundi ni wawili.

Vipimo vyake vilikuwa sawa, dada. Mimi ndiye niliyekosea. Lakini aliuweka mkasi chini.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama ule mche wa parachichi umeshika. Baba anasema umlete Princess Krismasi amwone. Mpe shemeji salamu zangu, sasa unaweza kumsomea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Adoyo